Sauti ya mutu mmoja: Bruce Dickinson, albamu zake na usiku wa Sarajevo



Kila mwaka kwetu kuna kijana anayemaliza lisansi ya historia, na kila mwaka kuna mjomba anayemuuliza mezani: "Sasa na hiyo historia utafanya nini?" Leo naleta habari ya mutu mmoja aliyesoma historia Queen Mary College, London, akamaliza mwaka 1979, kisha akaenda kufanya kazi ambayo hakuna mjomba angeipendekeza: kuimba metali. Anaitwa Bruce Dickinson, mzaliwa wa Worksop, Uingereza, tarehe 7 mwezi wa nane 1958. Wengi wanamjua kama mwimbaji wa orkestra Iron Maiden. Mimi nataka tuangalie upande wake mwingine: albamu alizotoa kwa jina lake mwenyewe, pamoja na konseri zake zilizorekodiwa. Humo ndani kuna somo la vyanzo vya historia ambalo mwalimu anaweza kulifundisha nusu saa nzima bila mutu kusinzia.

Najua metali si muziki wa nyumbani kwetu. Sisi tumekulia katika rumba, ndombolo na kwaya, na mutu akisikia metali mara ya kwanza anadhani redio imeharibika. Sawa, nieleze kidogo. Muziki huo ulizaliwa Uingereza, na watu hutaja sana Black Sabbath wa Birmingham na albamu yao ya kwanza ya 1970. Ni gitare za umeme zenye sauti nzito, batri inayokimbia, na mwimbaji anayepaswa kusikika juu ya hayo yote. Hapo njo kazi ilipo. Mwimbaji wa rumba anaweza kuimba polepole, na gitare zikamfungulia njia. Huyu wa metali anapigana na ukuta. Dickinson alikuwa na koo la kuruka ule ukuta, mpaka wakampa jina la utani: king'ora cha hatari, kile kinacholia ndege za vita zikikaribia. Mulishike hilo jina, tutalikuta tena mbele.

Kabla ya Iron Maiden alikuwa katika orkestra moja inayoitwa Samson. Mwaka 1981 Samson walipiga kwenye tamasha la Reading, BBC wakarekodi, na ile konseri ikatoka kama diski mwaka 1990, wakati Samson hawakuwa tena na maana sokoni na mwimbaji wao wa zamani alikuwa mutu mkubwa. Tayari hapo tunaona jambo moja: konseri inarekodiwa leo, lakini anayeamua kama itasikika ni mutu mwingine, saa nyingine, kwa sababu zake.

Iron Maiden walimchukua 1981. Mwaka uliofuata wakatoa The Number of the Beast, ikafika namba moja Uingereza. Sitakaa sana hapo, vitabu viko. Ninachotaka ni mwezi wa tatu 1985, pale Long Beach, California, ambako sehemu kubwa ya albamu yao ya konseri, Live After Death, ilirekodiwa. Walikuwa ndani ya ziara ya konseri zaidi ya 180 katika muda usiofika mwaka. Diski hiyo mashabiki wengi wanaihesabu kati ya albamu bora za konseri katika metali yote, na mimi sina ubishi. Lakini ukiisikiliza kama mutu wa historia, utasikia kitu ambacho albamu ya studio haiwezi kukuambia: uchovu. Kuna noti ambazo hazifikii pale zilipofika studio. Kuna pumzi fupi. Na kuna maneno anayowapigia watu, akiwaomba wampigie kelele, kisha anataja jina la muji wao. Yale maneno ya kuomba kelele yakawa alama yake. Kila muji alikokwenda alibadilisha jina tu.

Albamu yake ya kwanza peke yake ilikuja karibu kama bahati. Mwaka 1989 alitakiwa kutengeneza wimbo mmoja kwa ajili ya filme ya kutisha, A Nightmare on Elm Street 5. Akamwita mpiga gitare Janick Gers, wakafanya wimbo, na wenye kampuni ya diski wakaona: kama wimbo mmoja unatoka hivi, kwa nini isiwe albamu nzima? Ikatoka Tattooed Millionaire, 1990. Ni rock ya kawaida, ya furaha, yenye kuiga mambo ya miaka ya 1970. Mimi naiona nyepesi. Cha ajabu ni ule wimbo wa filme wenyewe. Steve Harris, mpiga besi na mwenye usemi Iron Maiden, aliusikia akasema huu ni wa orkestra. Wakaurekodi upya, na mwezi wa kwanza 1991 ukafika namba moja kwenye orodha ya nyimbo Uingereza, kitu ambacho hakuna wimbo mwingine wa Iron Maiden umefanya. Yaani kazi ya pembeni ikawa njo mlango. Gers naye akaingia Iron Maiden, na yuko mpaka leo.

Halafu ikaja 1993, mwaka wa talaka.

Dickinson alitangaza kwamba anaondoka, lakini mikataba ya konseri ilikuwa imeshasainiwa. Kwa hiyo akazunguka Ulaya na watu ambao alikuwa anawaacha, mbele ya mashabiki wanaojua kwamba anawaacha. Fikiria mume na mke waliotangaza kuachana, lakini wanapaswa kuhudhuria harusi ishirini za jamaa pamoja. Mwaka uleule zikatoka albamu mbili za konseri, A Real Live One na A Real Dead One, zilizochukuliwa kwenye ziara za 1992 na 1993. Nyingi za hizo rekodi hazina moto. Sasa njo tuingie kwenye ukosoaji wa vyanzo. Harris alilalamika hadharani kwamba usiku fulani Dickinson hakuimba, alimumunya tu maneno. Dickinson akajibu kwamba kumbi zenyewe zilikuwa na hali ya msiba, na mutu hawezi kuchangamsha watu waliokuja kumwomboleza. Nani mkweli?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atachagua upande. Mimi nasema tuulize kwanza: hizo diski nani alizitengeneza? Mtayarishaji wake alikuwa Steve Harris mwenyewe. Yeye alikuwa na kanda za ziara nzima mkononi, yeye akachagua usiku upi utoke na sauti ipi ipande au ishuke. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema kwamba chanzo kilichotengenezwa na upande mmoja wa kesi hakiwezi kuwa hakimu wa ile kesi. Ukitaka kujua kama mwimbaji alikuwa amekwisha kweli, utafute sauti yake mahali ambapo Harris hakuwepo. Na mahali hapo papo, tunapaona sasa hivi.

Konseri ya mwisho ilikuwa tarehe 28 mwezi wa nane 1993, ndani ya studio, mbele ya kamera za televisheni, pamoja na mfanya mazingaombwe anayejifanya anamuua mwimbaji mwishoni. Mzaha wa aina hiyo kwenye kuachana! Waingereza wana mambo yao.

Basi, mutu wa miaka 35, ametoka kwenye orkestra kubwa, kila mutu anangojea aone atafanya nini. Na yeye mwenyewe hakujua. Alianza albamu na orkestra moja ya Uingereza, akatupa. Akaenda Los Angeles, akaanza upya na mtayarishaji mwenye jina, akatupa tena. Mara ya tatu akakutana na Roy Z, mpiga gitare kijana wa Los Angeles mwenye orkestra inayochanganya rock na midundo ya Kilatini, Tribe of Gypsies. Hapo kazi ikashika. Balls to Picasso ilitoka 1994, na mwisho wake kuna Tears of the Dragon, wimbo wa polepole ambao wengi wanausikia kama barua ya kuaga. Ndani ya wimbo huo koo si la mutu aliyekwisha. Hata kidogo.

Shida: Roy Z na wenzake walikuwa na orkestra yao, hawakuweza kuzunguka naye dunia nzima. Dickinson akakusanya vijana wengine watatu, Alex Dickson kwenye gitare, Chris Dale kwenye besi na Alessandro Elena kwenye batri. Hawakuwa na jina kubwa. Kumbi zikawa ndogo pia. Ile Long Beach ya 1985 ilikuwa ya watu maelfu kwa usiku, sasa anapiga mahali ambapo jasho la mutu wa nyuma linafika jukwaani. Mwaka 1995 ikatoka Alive in Studio A, diski mbili. Ya kwanza ni orkestra inapiga studio kama vile iko jukwaani, bila watu. Ya pili imerekodiwa Marquee, klabu ya London, na watu wako. Hakuna wimbo hata mmoja wa Iron Maiden humo. Zote ni zake. Sikiliza diski hizo mbili moja baada ya nyingine, nyimbo nyingi ni zilezile, utajua watu wanafanya nini kwa mwimbaji. Ya studio iko safi na baridi. Ya Marquee imechafuka, na ina uhai. Hapo ulalamishi wa Harris unapata jibu lake, bila Dickinson kusema neno.

Ni hawa vijana watatu wasio na jina waliokwenda naye Sarajevo.

Kwa wale waliozaliwa baadaye: Yugoslavia ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sarajevo, muji mkuu wa Bosnia, ulizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kuanzia mwezi wa nne 1992 mpaka mwezi wa pili 1996. Siku 1,425. Mizinga ilikuwa juu ya vilima, muji uko chini kwenye bonde, na wadunguzi walikuwa kwenye majengo marefu. Watu walipigwa risasi wakienda kuteka maji. Mwezi wa pili 1994, bomu moja kwenye soko la Markale liliua watu 68. Mwezi wa nane 1992 maktaba ya taifa iliteketezwa na mizinga, vitabu na hati za karne nyingi zikawa majivu yanayoanguka juu ya paa za watu. Mutu wa historia akisoma hiyo anainama. Anayeishi Goma au Bukavu hahitaji nimweleze muji uliozungukwa unanuka namna gani, wala magari meupe ya Umoja wa Mataifa yanayopita huku watu wanayaangalia.

Na ndani ya muji huo kulikuwa na vijana waliokuwa wanapiga muziki. Hilo njo watu wanasahau. Kulikuwa na orkestra za rock zinazofanya mazoezi chini ya ardhi, kwa umeme wa kuazima. Kulikuwa na tamthilia. Susan Sontag wa Marekani alikuja 1993 akatengeneza mchezo wa jukwaani kwa mwanga wa mishumaa. Muji haukuwa umekaa tu ukingojea kufa.

Afisa mmoja wa Uingereza aliyekuwa na jeshi la Umoja wa Mataifa kule akawa na wazo la kumleta mwimbaji. Ombi likamfikia Dickinson, akakubali. Walifika Split, kwenye pwani ya Kroatia, wakidhani helikopta ya Umoja wa Mataifa itawapeleka. Helikopta haikupatikana. Ilikuwa nafasi safi kabisa ya kurudi nyumbani bila aibu, mutu angesema "tulijaribu" na kila mutu angeelewa. Badala yake wakapanda lori la watu wa misaada, The Serious Road Trip, kundi lililozoea kupeleka chakula na vichekesho kwa watoto. Lori lenyewe lilikuwa limepakwa rangi ya manjano na kuchorwa katuni. Hivyo njo walivyopita, usiku, wakivuka mlima Igman kwa barabara ya vumbi na barafu ambayo mizinga ya upande wa pili iliijua vizuri.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 1994 walipiga kwenye kituo cha utamaduni cha Bosnia, katikati ya muji. Ukumbi ulijaa. Mutu anayeitwa king'ora cha hatari alikuwa anaimba katika muji wenye ving'ora vya kweli. Waliokuwepo, walipoulizwa miaka mingi baadaye, hawazungumzii sana noti. Wanazungumzia kwamba mutu alikuja. Kwa saa chache walikuwa mashabiki wa kawaida, wanaolalamika kwamba jirani yake anawakanyaga miguu. Kisha wakatoka nje, wakarudi kwenye vita vilevile. Vita viliendelea zaidi ya mwaka mmoja tena. Konseri haikuzuia bomu hata moja, na mutu akikuambia kwamba muziki ulimaliza vita, mwambie alete ushahidi.

Sasa angalia jambo hili. Dickinson ana albamu za konseri za Marquee, za Uhispania, za Brazil. Na Iron Maiden ziko nyingi mpaka mutu anachoka kuhesabu. Usiku wa Sarajevo haumo. Orodha yake ya albamu za konseri inaruka kutoka Alive in Studio A mpaka nyingine, kama vile ile safari haikuwepo. Sababu si siri: vifaa vya kurekodi vya maana hupelekwa mahali penye umeme, bima na soko. Muji uliozingirwa hauna kimoja kati ya hivyo vitatu. Tunajifunza historia ya muziki kupitia diski, na diski hutengenezwa pale penye amani na pesa. Ukichora ramani ya dunia kwa albamu za konseri peke yake, utadhani watu wa miji mingine hawajawahi kuimba.

Turudi kwenye diski. Mwaka 1996 ikaja Skunkworks, na vijana walewale watatu. Mtayarishaji alikuwa Jack Endino wa Seattle, yule aliyerekodi albamu ya kwanza ya Nirvana. Dickinson alikata nywele. Alitaka Skunkworks liwe jina la orkestra, yeye awe mmoja kati ya wanne, lakini kampuni ya diski ikakataa, juu jina la Dickinson njo linauza. Albamu haikuuzika sana. Mashabiki wa zamani waliiona ya kisasa mno, na vijana wa Seattle hawakumhitaji mzee wa Iron Maiden. Konseri za Uhispania zilirekodiwa mwaka huohuo, zikatoka kama video na diski fupi kwa ajili ya Japani. Mimi naipenda Skunkworks kuliko watu wengi wanavyoipenda, iko na nyimbo fupi zisizojipamba. Lakini kundi likavunjika, kila mutu na muziki wake.

Akampigia simu Roy Z. Akamwita pia Adrian Smith, mpiga gitare aliyetoka Iron Maiden 1990. Accident of Birth ya 1997 na The Chemical Wedding ya 1998 zikafuata, na hapo yule mwanafunzi wa zamani wa Queen Mary akaonekana. The Chemical Wedding imejengwa juu ya William Blake, mshairi na mchoraji wa London aliyekufa 1827, pamoja na mambo ya alkemia. Picha ya mbele ni mchoro wa Blake mwenyewe. Mutu anaweza kucheka: metali na Blake? Lakini sikiliza. Gitare zimeshushwa chini sana, nzito kama jiwe la kusagia, na sauti imekomaa, imeacha kushindana na ukuta, inaupanda ngazi kwa ngazi. Kama ungeniambia nichague albamu moja tu ya kazi yake yote, zile za Iron Maiden zikiwemo, ningechukua hii na kukaa tayari kwa matusi ya mashabiki.

Mwezi wa nne 1999 alirekodi konseri São Paulo, na mwishoni mwa mwaka ikatoka Scream for Me Brazil. Jina ni yale maneno ya Long Beach, muji umebadilishwa na nchi. Kuna kitu cha pekee kuhusu tarehe hiyo. Wakati ule kurudi kwake Iron Maiden kulikuwa kumeshatangazwa, na Smith anarudi naye. Angeweza kabisa kuingiza nyimbo tatu nne za zamani, Wabrazili wangepasua ukumbi. Hakuingiza hata moja. Usiku mzima ni kazi yake ya miaka ya upweke, na Wabrazili wanaimba naye mpaka kuna sehemu anawaachia. Ni kama mutu anayerudisha funguo za nyumba ya kupanga, lakini kwanza anafagia kila chumba ili mwenye nyumba aone kwamba aliishi humo vizuri.

Baada ya hapo albamu za peke yake zikawa adimu. Tyranny of Souls, 2005, alitoa katikati ya ratiba ya Iron Maiden, na pia ya ndege, kwa sababu alikuwa rubani wa kweli wa ndege za abiria. Mwaka 2015 akatangaza kwamba alikuwa na kansa upande wa ulimi na koo, akatibiwa, akapona, akarudi kuimba. The Mandrake Project ikatoka tarehe 1 mwezi wa tatu 2024, miaka 19 baada ya ile ya mbele yake. Humo kuna wimbo mmoja ambao Iron Maiden walikuwa wameshauchukua mwaka 2015 na kuufungulia albamu yao The Book of Souls, na yeye akaurudisha nyumbani kwa jina lililobadilika kidogo. Ule mchezo wa 1989 tena.

Sarajevo ilibaki kimya zaidi ya miaka ishirini. Kisha watu wa Sarajevo wenyewe wakaamka. Filme Scream for Me Sarajevo ya mwongozaji Tarik Hodžić ilianza kuonyeshwa 2016. Ilikusanya waliokuwepo: mashabiki waliokuwa vijana na sasa wana mvi, askari, watu wa lori la manjano, na Dickinson na wenzake waliorudi kuangalia. Kwa muziki wa filme walitumia zaidi nyimbo za albamu zake. Historia ya usiku ule ikabidi ijengwe kwa midomo ya watu, kama sisi tunavyojenga historia ya vijiji ambavyo mkoloni hakuviandika. Mwezi wa nne 2019 muji ukampa uraia wa heshima.

Nikiwaza hayo nakumbuka tamasha la Kinshasa la 1974, lile la kabla ya ngumi za Ali na Foreman. Kule vifaa vilikuwepo, kamera zilikuwepo, kanda zikajaa. Hata hivyo filme ya muziki wenyewe, Soul Power, ilitoka 2008, na diski ya wasanii wa Afrika, Franco na Tabu Ley na Abeti wakiwa humo, ikangojea mpaka 2017. Miaka 43 ndani ya sanduku! Kwa hiyo hata kurekodiwa hakutoshi, lazima pawe na mutu anayeona kwamba ile kanda ina thamani.

Mwaka 2025 Dickinson alirudi kwenye Balls to Picasso. Albamu ileile ya 1994 ikachanganywa upya, ikaongezewa gitare na vyombo vingine, ikatoka kama More Balls to Picasso. Wengine walifurahi, wengine walisema aiache ilivyokuwa. Studio inaruhusu hayo: unafungua kanda ya miaka thelathini na unaitengeneza upya. Anayetaka kukisia usiku wa Sarajevo ulisikika namna gani hana kanda ya kutengeneza. Achukue diski ya pili ya Alive in Studio A, ile ya Marquee. Ni vijana walewale watatu na mwimbaji yuleyule, wakiwa bado kwenye nyimbo za albamu ileile. Aanze na Change of Heart.